Land Rover ya jeshi imegoma kuwaka: mwongozo kamili wa kusaka hitilafu ya injini ya petroli ya lita 2.25

Land Rover za Series IIA na Series III, ndefu ya inchi 109 na fupi ya inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, zilitumika na majeshi na polisi wa nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo. Nyingi ziliishia mnadani, na leo utazikuta chini ya miembe, matairi yamekaa chini, kuku wakitaga kwenye bodi. Habari njema ni kwamba injini yake ya petroli haina siri. Hakuna kompyuta wala sensa. Ukifungua boneti unaona kila kitu, na karibu kila kitu unaweza kukipima kwa balbu, fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi) na masikio yako.

Habari mbaya ni kwamba gari hilo limeshapita mikononi mwa mafundi kumi kabla yako. Wengi wao walibadilisha spea bila kupima, na kila mmoja aliacha kosa lake dogo. Kwa hiyo injini ya namna hii huwa na hitilafu mbili au tatu zilizolaliana. Ukinunua koili (inayotoa umeme mkali wa cheche), kabureta na plagi kwa mkupuo, hutajua kamwe ni kipi kilikuwa kibovu, na pengine umeongeza cha nne. Katika mwongozo huu, spea hainunuliwi mpaka kipimo kiseme.

Kwanza, lijue gari lako

Injini ninayoizungumzia ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Mpangilio wake wa kuwaka ni 1-3-4-2, na silinda namba moja ni ile iliyo karibu na rejeta. Hayo hayabadiliki. Kinachobadilika ni umeme, na hapo ndipo watu huunguza vitu.

Magari yaliyotengenezwa kabla ya 1967 hivi yana chanya iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea. Usiamini rangi ya waya. Fuata waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesesi, uone umetoka upande gani. Ukikuta dinamo imeshatolewa na altaneta imewekwa, ujue huenda mtu aliugeuza mfumo mzima, au aliugeuza nusu.

Halafu kuna yale yaliyotengenezwa ili kubeba redio za mawasiliano. Hayo ni ya volti 24. Utayatambua kwa betri mbili kwenye sanduku kati ya viti vya mbele, altaneta kubwa ya ampea 90, na mfumo wa moto uliofunikwa chuma kila mahali: nyaya za plagi zimevikwa wavu wa chuma, na distribyuta (inayogawa moto kwa plagi) imefungwa kama sufuria, ili cheche zisikwaruze redio. Usiweke koili ya volti 12 humo, na usiunganishe betri ya pikapu ya jirani ili kubusti. Na kama umeshanunua gari ambalo mtu aliligeuza kutoka 24 kwenda 12, kagua mwenyewe stata, koili na geji moja baada ya nyingine. Nimeshakuta gari la volti 12 lenye stata ya 24, mwenyewe akilalamika miaka miwili kwamba betri za siku hizi hazina nguvu.

Gari lililolala: usipige stata bado

Kama gari halijawaka kwa mwaka au zaidi, toa plagi zote nne. Mimina kijiko cha oili nyepesi kwenye kila silinda, uache usiku kucha. Asubuhi izungushe injini kwa hendeli, ile ya kupitisha kwenye tundu la bampa ya mbele. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikikunje kuzunguka hendeli. Sasa hivi plagi zimetoka na hakuna hatari, lakini jizoeze hivyo hivyo, maana siku injini itakapopiga nyuma, gumba lililokunjwa ndilo linalovunjika.

Ikizunguka laini, vuta dipstiki. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Oili nyepesi inayonuka petroli, tena imepanda juu ya alama, inakuambia kwamba diaframu ya pampu ya petroli imepasuka na inamwaga petroli kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kwa vyovyote vile, mwaga oili hiyo kabla ya kuwasha, kisha tafuta ilikoingilia. Mwaga pia petroli ya zamani. Petroli iliyolala miaka inanuka kama vanishi, na hakuna kabureta itakayoivumilia.

Kagua pia chombo cha kuchujia hewa, kile cha bakuli la oili. Bakuli likiwa limejaa tope, injini imekuwa ikivuta hewa kwa shida, na pengine vumbi. Panya hupenda kulala humo, na nyigu wa udongo hujenga kwenye mirija ya kupumulia ya tenki. Jambo la nyigu linachekesha mpaka siku litakapokusimamisha njiani.

Stata inazungusha vizuri?

Ikizungusha kwa uvivu, usiilaumu betri haraka. Magari ya jeshi yalipakwa rangi tena na tena, tabaka juu ya tabaka, na ethi nyingi (nyaya zinazounganisha betri na bodi au injini) zimefungwa juu ya rangi. Weka mita: mkono mmoja kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi, mwingine kwenye bloku ya injini, moja kwa moja kwenye chuma kitupu. Mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fungua waya wa ethi kila upande, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga. Hakikisha na ule ukanda wa waya kati ya injini na chesesi upo. Mara nyingi fundi aliyeshusha gia boksi alisahau kuurudisha.

Moto

Sasa tunauliza swali moja: je, kuna cheche? Chomoa waya mnene wa kati kwenye kofia ya distribyuta, ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake ikae milimita sita hivi kutoka kwenye bloku, mbali na kabureta na petroli yoyote iliyomwagika. Mtu apige stata. Cheche ya bluu inayoruka kwa mlio ni nzima. Ya njano, nyembamba, inayosita, ni dhaifu. Na isipokuwepo kabisa, chukua balbu ya kupimia (ya volti 24 kama gari ni la 24), fungua kofia ya distribyuta, uende hivi.

Washa swichi. Pima upande wa koili unaoingiza umeme. Balbu isipowaka, tatizo liko nyuma ya koili: swichi, waya au kiungio. Ikiwaka, hamia upande wa pili wa koili, ule unaokwenda kwenye distribyuta, na uizungushe injini polepole kwa hendeli huku ukiangalia platini, vile vidomo viwili vya chuma ndani ya distribyuta vinavyofunguka na kufunga. Platini zikifunguka, balbu iwake. Zikifunga, izime. Hicho kimulimuli ndicho unachokitaka.

Ikiwaka wakati wote, platini hazipitishi umeme. Kwa gari lililolala hili ndilo jibu mara nyingi kuliko yote: nyuso zake zimeshika kutu nyeupe usiyoiona. Pitisha msasa laini, kisha kipande cha karatasi ngumu kilicholowa petroli kidogo ili kuondoa unga. Ikiwa imezima wakati wote, chomoa ule waya mwembamba unaoingia kwenye distribyuta. Balbu ikiwaka ghafla, kuna shoti ndani ya distribyuta: waya uliochubuka, au washa ya plastiki ya kuzuia umeme kwenye platini imerudishwa kinyume. Isipowaka bado, koili imekatika ndani.

Weka uwazi wa platini za Lucas kati ya milimita 0.35 na 0.40 wakati kisigino kiko juu kabisa ya kona ya shafti. Kabla ya kufunga, shika shafti ya distribyuta uitikise kando. Ikicheza, bushi zimekwisha. Utaweka uwazi asubuhi, jioni utakuta mwingine, na hakuna platini mpya zitakazokusaidia.

Rota nayo hudanganya. Inaonekana nzima lakini moto unapenya katikati yake na kwenda kwenye shafti. Ishike ikiwa mahali pake, sogeza ncha ya waya wa koili karibu na shaba yake ya juu, kisha fungua na kufunga platini kwa bisibisi ya mpini wa plastiki. Cheche ikiruka kuingia kwenye rota, imetoboka. Tupa.

Kondensa (kile kikopo kidogo kilichounganishwa na platini) mbovu hujulikana kwa platini zinazotoa miale mikali ya bluu na kuungua haraka. Usinunue kwa kubahatisha. Chukua moja nzima kutoka gari jingine, ifunge kwa nje kwa waya na jaribu. Na kondensa ya zamani inayofanya kazi usiitupe kwa sababu tu umenunua mpya. Mpya nyingi za dukani ni mbaya kuliko iliyotoka.

Plagi ziwe na uwazi wa milimita 0.75 hadi 0.80. Zisome kabla ya kuzisafisha: masizi makavu meusi ni petroli nyingi, unyevu wa petroli ni cheche iliyokosekana, utando wa oili ni ringi au valvu, weupe kama chokaa ni petroli kidogo au taimingi mbaya.

Petroli

Magari mengi ya jeshi yana matenki mawili, moja chini ya kila kiti cha mbele, na koki ya kuchagua. Nawaambia hili kwa aibu. Nilishawahi kufungua pampu na kabureta ya gari la rafiki yangu, nikazisafisha, nikazirudisha, jua likazama, kabla mtoto wake hajauliza kile kishikio kando ya kiti ni cha nini. Anza na koki.

Kisha chomoa mrija wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, piga stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Isipotoka, tumia kile kijimkono cha pampu ya AC kuivuta. Kijimkono kikiwa legelege hakivuti chochote, usiihukumu pampu: huenda injini imesimama mahali ambapo kemu shafti imeshasukuma mkono wa ndani. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena.

Kama pampu ina glasi ya kunasa uchafu, ifungue. Maji yatakaa chini kama vidonge vya kioo, kutu itakuwa kama unga wa tofali. Safisha wavu, na uangalie gasketi ya glasi. Ikiwa ngumu, pampu inavuta hewa badala ya petroli na wala hutaona tone likivuja, kwa sababu uvujaji wa upande wa kuvuta hauonekani kwa nje.

Linawaka, linakwenda, likipata joto linazima

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo hitilafu inayokula pesa nyingi za watu. Gari linatoka vizuri, linakwenda kilometa kumi au ishirini, linaanza kumisi, linazima. Dereva anasubiri nusu saa, anawasha, linakwenda. Akifika kwa fundi ni zima kabisa.

Washukiwa ni wanne: koili, kondensa, mrija wa petroli uliopata joto hadi petroli ikawa mvuke, na kifuniko cha tenki kisichopumua. Wote hupona wakipoa, kwa hiyo lazima uwakamate palepale, gari likiwa limezima na bado lina joto. Weka plagi moja ya akiba na koleo kwenye mfuko wa mlango. Likizima tu, kabla ya kufanya lolote, fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa ikifyonzwa ndani, umeshampata. Usiposikia kitu, chomeka ile plagi ya akiba kwenye waya wa plagi, ilaze juu ya bloku, piga stata. Hakuna cheche, au ni dhaifu: koili au kondensa, nawe unapima kwa kubadilisha moja tu, halafu unaendesha tena. Cheche ni kali: geukia petroli. Mimina maji kwenye kitambaa ukifunge kwenye pampu na mrija. Likiwaka baada ya dakika mbili, ilikuwa mvuke. Sogeza mrija mbali na manifoldi ya moshi, uangalie na kama mtu aliondoa ngao ya chuma ya kuzuia joto.

Ukifanya hivyo mara moja kando ya barabara umemaliza. Usipofanya, utanunua koili tatu.

Kabureta

Nyingi zina Zenith 36 IV, za zamani zaidi zina Solex. Zenith ni kabureta nzuri yenye ugonjwa mmoja maarufu: kifuniko cha juu hupinda kwa kukazwa kupita kiasi, na kile kiringi cha mpira kati yake na bloku ya ndani hukauka. Petroli inapita pasipo njia yake, injini inakuwa na sailensi mbovu (mngurumo wake bila kukanyaga aksileta), plagi zinakuwa nyeusi, na skrubu ya mchanganyiko hata uizungushe vipi haibadilishi kitu. Fungua kifuniko, laza msasa laini wa maji juu ya kipande cha kioo, sugua uso wa kifuniko kwa mzunguko mpaka uguswe kote. Weka kiringi kipya na gasketi mpya, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana.

Gari likizima kila ukiachia aksileta lakini likikimbia vizuri, jeti ya sailensi imeziba. Ipulize kwa hewa. Usiichokonoe kwa waya wa chuma, utaipanua. Kabureta ikifurika, sindano ya boya haifungi au boya limeingia petroli. Litikise sikioni, utasikia.

Na kabla hujalaumu kabureta yoyote, injini ikiwa sailensi, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo.

Kampresheni na valvu

Toa plagi zote, fungua kabureta kwa kukanyaga aksileta mpaka chini, pima kila silinda kwa mizunguko ileile ya stata. Usihangaike sana na namba yenyewe. Injini hizi zilitoka na mbano wa 7:1 au 8:1, na mahali ulipo pana neno. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na geji itasoma chini kuliko Mombasa au Tanga kwa injini ileile. Unachotafuta ni tofauti kati ya silinda. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili ndani, upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imepasuka kati yao.

Kabla ya kushusha silinda hedi, pima tapeti, yaani uwazi kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Uwazi ni milimita 0.25, za kuvuta na za kutoa. Njia rahisi ni kuhesabu tisa: valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha namba 1, namba 6 ikifunguka, rekebisha 3, na kuendelea hivyo, jumla iwe tisa daima. Uwazi uliopotea una historia yake. Injini hizi ziliundwa enzi za petroli yenye risasi, iliyolinda viti vya valvu za kutolea moshi. Nchi zetu ziliacha petroli hiyo kufikia 2006. Tangu hapo, kwenye hedi ambazo hazijawekewa viti vigumu, valvu huzama polepole, uwazi unakwisha, na siku moja valvu haifungi tena. Ukikuta tapeti za kutoa zimebana kila baada ya miezi michache, weka akiba ya kazi ya hedi.

Kuchemsha

Angalia mkanda wa feni, osha mapezi ya rejeta kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, jaribu thamostati kwenye sufuria ya maji ya moto. Wengi huishia hapo na kusahau taimingi: moto ukichelewa, injini inapika hata rejeta ikiwa mpya. Kumbuka pia kwamba Nairobi maji yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika presha kinaumiza zaidi huko kuliko pwani. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, injini ikiwa bado baridi, ni gasketi ya hedi.

Milio

Kelele nyepesi za haraka juu ya injini ni tapeti. Mchakacho wa mbele ni cheni ya taimingi. Mlio wa kokoto kwenye kopo wakati wa kupanda mlima ni moto unaowahi: geuza distribyuta kidogo ili uchelewe.

Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ni jambo jingine. Chomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine injini ikiwaka, ukitumia koleo lenye mpini wa mpira. Silinda ambayo ukiinyima moto mlio huo unafifia, hiyo ndiyo yenye beringi ya konrodi iliyokwisha. Zima hapohapo, livutwe hadi nyumbani. Na kabla ya kuagiza spea, jua kama krenki shafti yako ina meni beringi tatu au tano, kwani ziligeuka kuwa tano mwaka 1980 na beringi za moja haziingii kwenye nyingine. Andika namba ya injini kwenye karatasi uende nayo dukani. Ukisema tu "ya Land Rover ya jeshi", utarudi na kisicho chako.